Yoeli Achagua Darubini Ndogo

Yoeli Mwalongo wa Njombe alimbebea mizigo mpima ardhi mmoja Mwingereza kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote alichungulia kwenye darubini mara moja tu. Bwana wake alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Yoeli aliona kipande cha mwezi, kimejaa mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui, akarudi hatua mbili nyuma na kusimama kama alivyokuwa. Hakumwambia mtu ila mkewe, Idda, ambaye alitaka kujua kama mashimo hayo yana maji. Yoeli hakujua, na jambo hilo likamkaa moyoni.

Mwaka 1952 mkataba wa mpima uliisha. Walishuka hadi njia panda ya Makambako kungoja lori la kumpeleka Iringa. Mizigo ilikuwa mingi kuliko nafasi, hivyo bwana akamwita Yoeli na mpagazi mwenzake, Kornelio, akawaambia kwamba darubini zake mbili za nyota hazitasafiri. Kila mmoja achukue moja, na Yoeli, kwa kuwa ndiye wa siku nyingi, achague kwanza.

Moja ilikuwa ya shaba, ndefu kama mtoto wa miaka minane, na miguu mitatu ya mbao na sanduku lake. Nyingine ilikuwa na urefu wa mkono, ikisimama juu ya kiguu kifupi cha kuwekwa mezani. Iliingia kwenye kikapu cha viazi bila kutoa viazi vyote.

"Chukua kubwa," bwana alimshauri. "Inaonyesha mara mbili zaidi."

Yoeli akaomba kuzijaribu. Mpima alishangaa kidogo, maana hakuwahi kumsikia akiomba kitu, lakini lori lilikuwa halijafika. Nyota ya jioni ilipotokea, Yoeli akazisimamisha zote mbili. Upepo wa Makambako ulivuma kama kawaida yake, yaani bila kupumzika. Katika ile kubwa nyota ilikuwa na umbo la mwezi mchanga, ila ilitetemeka kama taa ya lori bovu. Katika ile ndogo, aliyoiweka juu ya gunia la mahindi, nyota ilikuwa ndogo lakini imetulia, na umbo lilikuwa lile lile.

Kuhusu jua hakuhitaji kujaribu. Kubwa ilikuwa na kioo cheusi cha kukaza mahali pa jicho, na Yoeli alikuwepo siku kioo cha namna hiyo kilipopasuka kwa joto, bwana akiwa ametoa jicho muda huo huo ili apige chafya. Ndogo haikuwa na kioo cheusi. Bwana alikuwa akiielekeza kwenye jua bila kuchungulia, na mtu akishika karatasi nyuma yake, jua likija kukaa juu ya karatasi, duara lenye madoa. Mshika karatasi alikuwa Yoeli.

"Nachukua ndogo, Bwana."

"Kwa nini?"

"Kubwa nimeibeba miaka tisa. Naijua."

Kornelio alifurahi na hakuficha. Aliifikisha ile kubwa kwake kwa msaada wa watu wawili, na kwa kuwa watu hao hawakurudi, haikutoka tena sandukuni.

Nyumbani, Idda alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba darubini inakuja. Alikitazama kilichotoka kikapuni.

"Baba Sila, hiki ndicho chenyewe au ni kifuniko chake?"

Yoeli akaiweka juu ya kigoda, akaielekeza mwezini, akampisha. Idda alichungulia mpaka ugali ukaungua.

"Pakavu," alisema, na hilo likawa limekwisha.

Jumapili moja baada ya ibada, Yoeli aliwaonyesha watu jua juu ya karatasi. Mzee wa kanisa, Ezekia, akasema haoni haja ya karatasi, yeye atachungulia mwenyewe. Yoeli alimwomba kofia, akaishika mahali pa jicho. Baada ya muda mfupi ukingo wake ukaanza kutoa moshi. Ezekia aliikagua kofia, akaivaa, akaenda kupanga foleni ya karatasi. Tangu hapo yeye ndiye aliyesimama kando ya darubini na mwavuli, na hakuna jicho lililompita.

Baadaye Yoeli alitembea siku tatu hadi Mawengi, kwa baba mkwe wake Nahumu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Alimwekea darubini mlangoni. Mwezi ulikuwa nusu. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mkwewe aje tena mwezi ukiwa mzima, auone wote.

Yoeli alieleza kwa heshima kwamba mwezi mpevu hauonyeshi vizuri, vivuli hupotea, nusu ndiyo bora. Nahumu akawaambia waliokuwepo, kwa Kipangwa, lugha ya huko, kwamba wakwe hawakosi sababu za kutokuja.

Mwezi uliofuata Yoeli alitembea tena siku tatu na kikapu chake, akamwekea mzee mwezi mpevu. Nahumu alichungulia, akajifuta jicho, akachungulia tena.

"Kweli ule wa nusu ulikuwa bora," alisema. "Basi itabidi uje tena."