Bibi Mkubwa Mlangoni mwa Babu

Mji wa Babu uko Uhispania, nje kidogo ya Madrid, nami sijawahi kuukanyaga. Nilioujua ni ule uliokuwa jikoni kwake Smithfield, pembeni mwa Sydney, ambako nilienda kila asubuhi kumsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Nilikuwa na shahada ya historia, na katika Sydney nzima sikupata aliyetaka kuniajiri kwa ajili ya historia. Hakuwa babu yangu. Nilimwita hivyo kwa sababu kwetu Ruiru mtu wa umri ule huwezi kumtaja kwa jina, na alipoelezwa maana yake alisema hicho ni cheo kizuri kuliko vyote alivyopewa na serikali.

Alinisimulia huku nikimfunga vifungo. Mji ulikuwa na matanuri ya matofali na birika la mawe la kufulia nguo, ambako wanawake waliamua nani awe meya.

"Babu, si mlikuwa chini ya dikteta enzi hizo? Waliamuaje?"

"Polisi ameamka," alisema, kama kila nilipomhoji. "Nimesema waliamua. Sijasema walisikilizwa."

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni sikukuu ya mtakatifu wa mji, kila Agosti. Siku hiyo mji ulitoa nje sanamu ya malkia, ndefu mara mbili ya mtu, ya mbao na karatasi, na mwanamume mmoja aliingia chini ya sketi akaibeba mabegani na kuizungusha kwa ngoma. Mimi nilimwita malkia huyo Bibi Mkubwa. Alipopita mitaani alisimama kwenye mlango wa kila mtu aliyewahi kumbeba ambaye sasa hakuweza kutoka, akamwinamia. Mbebaji aliyekuwa chini ya sketi hakuruhusiwa kutamka neno, hata akiulizwa.

Babu na wenzake walipohamia Australia walijenga klabu, na ndani ya klabu wakajitengenezea Bibi Mkubwa wao. Sura yake waliichonga kwa kumtazama mke wa Babu. Agosti ya Madrid ni jua kali, Agosti ya Sydney ni baridi na mvua, na bado hawakuhamisha tarehe. Walimfunika malkia kichwa kwa plastiki kama paja la nyama, wakaenda naye.

"Kwa nini msingoje Januari?"

"Mtakatifu hasikilizi utabiri wa hali ya hewa."

Nilimwambia nilichofundishwa chuoni, kwamba desturi nyingi zinazoitwa za kale zilibuniwa juzi. Akanitazama kwa huruma. "Hata wewe umebuniwa juzi, na bado unamaliza mkate wangu."

Mwaka huu klabu iliuzwa. Mke wa Babu alikuwa amefariki zamani, na Babu mwenyewe alikuwa ameanza kupotea, asubuhi yuko nasi, mchana hayuko. Binti yake akampatia kitanda katika makao ya wazee upande wa Liverpool, Liverpool hii ya Sydney. Angehamia huko mara tu baada ya sikukuu. Kila nilipofika Babu aliniuliza swali moja tu: je, atakuja mlangoni? Alikuwa amembeba miaka mingi. Sasa ilikuwa zamu yake kuinamiwa.

Binti alipiga simu kila mahali. Wabebaji wa zamani walikuwa wamekufa au wanatembea kwa fimbo. Baraza la mji lilisema barabarani hawaruhusu bila bima. Labda pembeni, kwenye njia ya miguu.

"Nitambeba mimi," nilisema.

Binti akanikagua mabega. "Unaamini mambo haya?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu anangoja."

Siku ya sikukuu wazee wawili wa klabu walimleta Bibi Mkubwa kwa pikapu hadi mwisho wa mtaa. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Niliingia chini ya sketi, kwenye harufu ya gundi na jasho la watu wengine. Mbao za kubebea zilikuwa zimelika mahali pa mabega, na yangu yakatulia pale pale walipopita wenzangu, Babu akiwa mmoja wao. Jirani Mvietinamu alisimamisha ufagio wake akauliza kama kuna uchaguzi.

"Ndiyo," mzee mmoja akamjibu, "na huyu ndiye atakayeshinda."

Mlangoni binti aliondoa ile plastiki. Kupitia tundu la sketi nilimwona Babu kuanzia kifuani kwenda chini: sweta niliyomvisha asubuhi, na ndara. Nikakunja magoti nikainama. Mikono yake ikapanda, ikamshika malkia usoni, na mimi chini nikahisi uzito ukibadilika.

Akasema kwa Kihispania. Changu ni kile cha jikoni kwake, lakini kilitosha.

"Umechelewa, mke wangu. Tunaenda nyumbani?"

"Baba," binti alisema.

Babu hakugeuka. "Tunaenda nyumbani?"

Maisha yangu yote nimeuliza kila sheria imewekwa na nani, na kwa faida ya nani. Ile ya kukaa kimya ningeivunja bila kusita kama ningekuwa na jibu. Nyumba yake ya Smithfield ilikuwa inauzwa. Mji wake niliwahi kuutazama kwenye simu: palipokuwa na matanuri pana maghorofa, kama yale yaliyomeza mashamba ya kahawa ya Ruiru. Sikujua nyumbani kwake ni wapi tena. Kitu pekee ambacho Bibi Mkubwa anaweza kufanya ni kuinama. Nikainama.

"Vizuri," Babu alisema, kama aliyejibiwa ndiyo, na zile ndara zikaingia ndani.

Tulidhani yamekwisha. Nilikuwa naanza kugeuka pale viatu vyake vya kutokea vilipojitokeza mlangoni, na pindo la koti juu yake. Kamba zilikuwa zikiburutika sakafuni, kwa sababu kumfunga kamba ilikuwa kazi yangu.