Mgomba wa Kaburi la Babu

Mdogo wake babu nilimchukia mapema, na sijaona sababu ya kuacha. Aliishi Malaba, akipangisha vyumba kwa madereva wa malori, na kwetu Matayos alikuja kwa jambo moja tu: shamba la nyanya yangu, mke wa babu.

Babu alikuwa mpishi wa Mzungu. Enzi za ukoloni walipanda pamoja ndege ya kutua majini, kutoka Kisumu kwenda Uganda. Dhoruba ikawakuta juu ya ziwa, ndege ikaanguka. Mzungu alipatikana, akazikwa na msalaba wake. Mpishi hakutafutwa sana.

Kwetu, maiti isipopatikana, huzikwa gogo la mgomba badala yake. Mdogo wake babu ndiye aliyelileta, kwa haraka ya mtu anayetaka kumrithi mjane pamoja na shamba. Haraka hiyo ilimponza. Badala ya kukata gogo, aling'oa mgomba na mizizi yake yote, na mvua iliponyesha kaburi likachipua.

Nyanya akakataa kunyolewa nywele za matanga, na mjane asiyenyolewa harithiwi. "Mmezika kitu kizima," aliwaambia. "Mimi si mjane." Wazee waliogopa kugusa kaburi, na shemeji yake akabaki kumeza mate. Migomba ikaongezeka, nyanya akazeeka kando yake.

Miaka ya tisini, nikiwa sekondari, nyanya alilazwa hospitali ya Nangina kwa malaria. Siku niliyomrudisha nyumbani tulimkuta yule mzee, mdogo wake babu, na jembe mkononi, migomba yote iko chini, kaburi limekuwa shimo. Kama ningekuwa na nguvu ningemsukuma humo.

"Shemeji, huyu mtu alikufa kitambo," alisema bila haya, majirani wakisikia. "Hii maneno iishe. Shamba ni ya ukoo."

Nyanya alijikokota hadi ukingoni, akainama kuchungulia. Alikawia pale. Nadhani hata yeye, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa na hofu ya kuona kitu.

"Umechimba mpaka chini," akasema. "Umempata?"

Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, maana hakuna aliyetaka kuonekana amesimama na mtu aliyefukua kaburi la ndugu yake. Mwishowe mzee naye akaliacha jembe, akaenda.

Nyanya akachagua chipukizi moja kwenye lile lundo, akanipa nilisimamishe shimoni, kisha akapiga magoti na kuanza kurudisha udongo kwa mikono.