Uvimbe Wenye Kingo Laini

Kabla sijaugua, Malaba yote ilinijua. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba magunia ya mahindi kwa mgongo, na leo nina malori matatu yanayovuka kwenda Uganda. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivi mjue ni mwanaume wa aina gani alipatwa na saratani ya titi. Ndiyo, titi. Mwanaume pia analo.

Ilianza na kitu kigumu nyuma ya chuchu ya kushoto, kama punje ya mahindi. Hakikuuma. Kilipofika ukubwa wa ndimu, chuchu ikaanza kuingia ndani. Asubuhi moja mke wangu alikuwa anafua hapa nyumbani Burumba, akaniletea fulana.

"Baba Nekesa, hii ni damu."

"Ni kutu ya lori."

"Kutu inatoka kwa chuchu?"

Nikaenda hospitali ili anyamaze. Wakabana kifua changu katikati ya vibao viwili vya mashine ya kupiga picha mpaka nikauma meno. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akasema, "Mzee, kuna uvimbe. Lazima tutoe kinyama kwa sindano, kipimwe." Nikamwambia anipe picha kwanza. Mimi sichomwi ovyo.

Picha nikampelekea rafiki yangu Omuse. Huyu alisoma picha za skana ya malori mpakani miaka mingi. Alikuwa anajua mzigo ulioko ndani kabla kontena halijafunguliwa. Akaiinua kwenye jua.

"Boss, hii ni duara, kingo laini kama yai. Mzigo wa magendo huwa umevurugika, una miiba-miiba. Hii mimi napitisha."

"Una hakika?"

"Pita, boss!"

Tukacheka, tukala samaki. Miezi miwili nikajiona mjanja kuliko daktari.

Halafu tezi zikavimba kwapani. Ngozi ya kifua ikawa nyekundu, ikang'aa, ikatoa maji yenye harufu. Mkono ukafa ganzi nikiwa nimeshika usukani. Nikarudi hospitali mbio.

"Nani alikwambia uko sawa?" daktari akauliza. Nikamtaja Omuse. Hakucheka. Aliweka picha yangu kwenye taa, kando yake akaweka nyingine yenye miiba pande zote.

"Huu wa miiba, mara nyingi, hukua polepole na kuvuta nyama iliyouzunguka. Wako huenda unakua haraka, unasukuma nyama kando, ndiyo maana kingo zinaonekana laini. Lakini siwezi kuapa kwa picha, mzee. Picha inanipa shaka tu. Ni kinyama, chini ya darubini, ndicho kitatwambia ni ugonjwa gani na una ukali gani."

Sindano ikalia ta! ndani ya nyama yangu. Siku kumi nikangoja majibu. Mtu mzima, nikajifungia bafuni nikalia, maji yakimwagika ili mke wangu asisikie.

Majibu yakaja. Saratani, ile kali. "Imefika kwapani," daktari akasema. "Mapafu na ini bado ni safi. Ungengoja zaidi, leo tungeongea mengine."

Wakakata titi lote na tezi za kwapa. Kisha dawa za mshipa: nilitapika nyongo, kucha zikawa nyeusi, mke wangu akaniogesha kama mtoto. Duru ya mwisho nilienda kwa miguu yangu. Muulizeni muuguzi yeyote!

Sasa ni mwaka wa pili, vipimo vinatoka vizuri. Namshukuru Mungu, mke wangu, na yule binti daktari niliyemdharau. Omuse alikuja akaomba msamaha. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye nilitafuta mtu wa kuniambia nilichotaka kusikia.

Ndugu wanaume, jipapaseni kifua. Ukiambiwa kinyama kitolewe, kubali siku hiyohiyo, hata picha ikipendeza namna gani.

Jumapili moja huko Bukhayo nilivua shati mbele ya wanaume wa kanisa, wakaona kovu. Wengine waliangalia chini. Mmoja alinifuata nje, mkono wake umefunika kifua.

"Boss, hiyo sindano inauma?"

"Inauma," nikamwambia. "Ingia kwa gari, twende."