Kamera Iliyofungwa Kichwa Chini

Mtu wa kwanza niliyemwona Kanada akiwa amelala kwenye kochi, kichwa kinaning'inia karibu na sakafu na miguu iko juu ukutani, alikuwa baba mwenye nyumba wangu, Mzee Alnasir. Nilikuwa nimepanda juu kuomba chumvi. Mbele ya uso wake palikuwa na laptop juu ya zulia, na mkewe, Anti Zeenat, alikuwa amesimama pembeni na mwiko mkononi, anamlinda kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana hata mtu akiwa kichwa chini adabu ni adabu.

"Marahaba, Asumpta," akajibu, uso umemwiva kwa damu. "Hebu njoo uangalie. Kule Mwanza sasa naonekana sawa?"

Nilikuwa napanga besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, ya nyumba yao huko Agincourt, Toronto, na huo ulikuwa mwaka 2010. Mimi ni mtu wa Moshi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kusema kweli wazee walikuwa wamenichosha. Kutwa nzima nawavisha, nawalisha, nawabembeleza, halafu narudi nyumbani nakuta mwingine kageuka popo. Lakini huyu alikuwa wa aina yake. Alikuwa Mwismaili, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuja Toronto na wazazi wake mwaka 1972 angali kijana. Alifanya kazi kwenye ghala la vipuri kule Downsview mpaka moyo ulipoanza kumletea shida, akapasuliwa, na daktari akamkataza kupanda ndege. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza ya zamani, na maneno mengine sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afariki. Theluji ikianguka, nikiamka nakuta ngazi zangu zimeshasafishwa, na nikimshukuru ananuna. Nilimpenda bila kujua nilianza lini.

Laptop ile aliachiwa na mpwa wake Shamez, alipohamia Calgary. Shamez alikuwa ameiwekea Linux, akamwambia ni programu ya bure, haisumbuliwi na virusi, na ikikwama kuna watu duniani kote wanaosaidiana kuitengeneza. Maneno hayo yalimwingia mzee. Mtu aliyekaa ghalani miaka yote ile alipenda kusikia kwamba kuna mahali watu wanasaidiana bila msimamizi. Tatizo ni kwamba laptop yenyewe ilikataa mambo mawili. Sauti haikutoka hata chembe, na picha ya kamera ilitoka kichwa chini miguu juu. Mzee aliiacha sauti akahangaika na kamera, na hilo liliniudhi.

"Mzee, anza na sauti," nikamwambia. "Wakishakusikia, mengine yatajipa."

"Sauti ya nini?" akasema, akijivuta kukaa vizuri. "Dada yangu ni kiziwi."

Anti Zeenat akanipa chumvi yangu na kiti.

Dada yake aliitwa Mumtaz. Alipoteza masikio utotoni, kwa homa ya uti wa mgongo, lakini kusema aliendelea kusema, na taratibu akajifunza kusoma midomo ya watu. Alnasir, mdogo wake, ndiye aliyekuwa masikio yake. Mezani alikaa mkabala naye, na kila lililosemwa alilirudia kwa midomo tu, bila sauti, ili wakubwa wasigombe. Hata mpira wa redioni alimtangazia hivyo, akiwa nyuma kidogo ya mtangazaji, na bao likiingia Mumtaz alikuwa mtu wa mwisho mtaa mzima kushangilia. Naye dada, wakiwa wawili, alimjibu vilevile bila sauti, kwa hiyo mdogo mtu akajua kusoma midomo pia. Nyumbani kwao walisema Kikachi, lugha ya asili yao ya Uhindini, lakini wao wawili walitumia Kiswahili. Mumtaz alidai Kiswahili ndicho kinachosomeka, kwa sababu kila neno likifika mwisho mdomo unakuwa wazi, wakati Waingereza wanatafuna.

Familia ilipohama, Mumtaz alikuwa ameshaolewa, akabaki na mumewe. Tangu hapo zikawa barua. Simu haikuwafaa kitu. Kwanza Alnasir hakuwa na nauli, baadaye hakuwa na likizo, na mwisho hakuwa na moyo wa kupandia ndege. Masika yale barua ikaja kwamba Mumtaz, ambaye sasa ni mjane, ana presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshazimika. Daktari alisema la pili litafuata, pole pole, na hakuna wa kusema lini.

"Sasa unaelewa," mzee akaniambia. "Akishakuwa haoni, mimi nitazungumza naye kwa kitu gani?"

Nilijifanya natafuta kifuniko cha chumvi.

Kule Mwanza kulikuwa na jirani mmoja, Moraa, mwenye duka la intaneti. Kila Jumamosi jioni alimketisha Mumtaz mbele ya kompyuta yenye kamera, na huku kwetu ilikuwa asubuhi. Moraa aliweza kuandika chini ya picha, na ndivyo tulivyopata habari. Jumamosi ile ya kochi aliandika: "Mzee sasa yuko sawa ila Bibi anacheka mno hawezi kusoma kitu. Pia anasema utakufa, kaa vizuri."

Tulijaribu kuigeuza laptop yenyewe. Tuliiegemeza kwenye vitabu, kibodi ikawa inatazama dari. Mumtaz akamwona mdogo wake amekaa wima, lakini kwenye skrini ya mzee Mumtaz ndiye aliyekuwa kichwa chini, na midomo iliyopinduka haisomeki. Ukimnyoosha huyu unampindua yule. Anti Zeenat alitazama mambo hayo akasema, "Alnasir, please, nunua tu kompyuta nyingine, tumalize."

"Hii si mbovu," mzee akasema. "Haijaelekezwa tu."

Ukaidi wake huo ulinikera, na mpaka leo nikiukumbuka natabasamu. Aliandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni barua ndefu ya Kiingereza cha adabu, akianza na "Waheshimiwa", akawaulizia hali zao na familia zao kabla ya kutaja shida. Wengine walimjibu kwa mkato. Mmoja, kijana wa Poland, alimjibu kwamba familia yake haijambo, na kwamba anaijua shida hiyo. Kiwandani, alisema, kamera ya laptop ya aina ile ilifungwa kichwa chini, na programu ya kuiendesha iliyokuja nayo, ambayo wenyewe huiita dereva, ilijua kuigeuza picha. Linux hakuna aliyewahi kuiambia. Basi inabidi uiambie wewe, kwa mstari mmoja wa maneno, kila unapofungua Skype.

"Unaona?" mzee akaniambia. "Dereva yupo. Amekaa vibaya tu kwenye kiti."

Mstari huo ulitutoa jasho. Mzee aliuchapisha kwenye karatasi, mimi nikawa nasoma herufi moja moja, yeye anabonyeza kwa kidole kimoja. Tulikosea Jumamosi nzima, na iliyofuata. Kijana wa Poland akagundua kosa ni langu. Katikati ya mstari palikuwa na herufi l na namba 1 zimekaa bega kwa bega, kwenye karatasi zinafanana kama kulwa na doto, na mimi nilikuwa nasoma "moja, moja". Mzee hakunilaumu. Alisema hata ghalani Downsview namba za vipuri zilikuwa na fitina hiyo hiyo. Mwisho wa mstari kulikuwa na 3, na hiyo ndiyo amri ya kugeuza picha.

Jumamosi iliyofuata nilisoma vizuri. Mzee akabonyeza, akangoja, na pale kwenye kona ya skrini akajiona amekaa wima kama binadamu, na dari iko juu. Anti Zeenat akapiga makofi. Mimi, nisiyejua hata kompyuta inafanya kazi vipi, nilijisikia kama nimemzalisha mtu.

Kisha Mumtaz akatokea. Mwanamke mwembamba, dupatta ya bluu, ule mtandio wa Kihindi, kichwani, jicho moja amelikodoa. Mzee akasogea karibu na kamera, akaanza kusema bila sauti. Mumtaz akainamia skrini yake. Mzee akarudia, pole pole zaidi. Mumtaz akatikisa kichwa. Akasema kitu kifupi, midomo ikikutana mara mbili, halafu akamgeukia Moraa.

Maandishi ya Moraa yakaja: "Bibi anasema haoni maneno. Anaona uso lakini maneno haoni."

Mzee akarudia tena na tena, mpaka shingo ikamtoka mishipa. Mumtaz akawa anafuta jicho lake kwa ncha ya dupatta, anatazama, anafuta. Mwishowe mzee akainua mkono, akaushusha, akatoka nje. Hakuifunga laptop.

Nilimfuata kibarazani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama magari ya watu yakipita. Nilikasirika sana asubuhi ile. Nilimkasirikia yule daktari wa macho wa Mwanza, nikaikasirikia laptop, nikamkasirikia hata Mungu kidogo, kwa sababu mzee huyu alikuwa amefanya kila alichoambiwa afanye.

"Nimechelewa," akasema. "Jicho limekwisha. Tumecheza na mashine mpaka jicho limekwisha."

"Mbona uso anauona, mzee?"

"Uso ni kitu kikubwa. Mdomo ni kitu kidogo." Akavuta pumzi. "Umeona aliponisemesha mwanzoni? Midomo mara mbili? Kwa midomo, 'baba' na 'mama' ni kitu kimoja, huwezi kuvitofautisha. Lakini najua ni baba. Ameniita baba. Nimefanana naye sasa, kila mtu anasema." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Maskini, na baba hakuwahi kumwelewa hata siku moja. Mumtaz alisoma midomo ya mtaa mzima, wauza samaki, walimu, wapita njia, ila si ya baba yetu. Ilibidi mimi nimtafsirie baba yake mwenyewe ndani ya nyumba moja, kwa sababu baba alikuwa na masharubu yaliyo..."

Akaishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeshapanda wenyewe, vidole viko chini ya pua, vimeyashika masharubu yake, mazito, ya mvi, yaliyomfunika mdomo wa juu wote. Tukatazamana. Sijui nani alianza kuinuka.

"Zeenat!" akaita, akiingia ndani. "Mwandikie Moraa. Asimwache Mumtaz aondoke. Mwambie dakika chache."

Masharubu yale Mumtaz alishayaona kwenye picha miaka yote. Lakini picha haisemi, na hakuna aliyefikiria. Anti Zeenat alipoolewa aliyakuta. Alisimama mlangoni mwa bafu huku mumewe akikata kwa mkasi, kisha wembe, na povu likishuka kwenye sinki na mvi ndani yake.

"Miaka yote hii," Anti Zeenat akasema, "na mimi sijawahi kukiona hicho kidomo."

"Utakiona sasa. Usicheke."

Alicheka. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe, mwembamba, wa kitoto, umetokeza kwenye uso wa mzee kana kwamba umeazimwa kwa mtu mwingine. Anti Zeenat alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, halafu akamfuta povu lililobaki sikioni, akamtazama sana. "Uko handsome, wewe," akamwambia. "Ungeniambia mapema."

Tukarudi sebuleni. Mumtaz alikuwa bado pale, dupatta imemwangukia mabegani. Mzee akakaa, akavuta kiti karibu na dirisha ili mwanga umpige usoni, akasubiri mpaka dada yake alipomwona. Mumtaz akarudi nyuma kidogo, kisha akaja mbele mpaka uso wake ukajaa skrini nzima.

Mzee akasema neno moja bila sauti. Hilo hata mimi nililiona: dada.

Sijui walisema nini baada ya hapo. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Watu wawili walikuwa wanazungumza mbele yetu, haraka haraka, wanakatizana, mmoja anakunja uso, mwingine anakanusha kwa kidole, na hakuna mlio wowote isipokuwa friji jikoni. Mimi na Anti Zeenat tulikuwa tunanong'ona, ingawa hapakuwa na wa kumsumbua. Nikaona jinsi mabega ya mzee yalivyolegea. Nilifanya kazi na wazee siku zote, na sikuwa nimewahi kumwona mmoja wao akirudi utotoni kwa njia nzuri.

Anti Zeenat hakuvumilia. Akamgusa begani. "Anasemaje?"

Mzee akageuka kutujibu. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na midomo ikafunguka na kufumba, mara moja, taratibu, lakini sauti hakutoa. Alikuwa amesahau kwamba sisi tunasikia. Anti Zeenat akanitazama, anataka nimsaidie.

Lakini Mumtaz alisema kweli kuhusu Kiswahili, maana neno lile nililisoma lote, mpaka vokali ya mwisho: "Ananisikia."