Kumwiga Baba Mkwe

Saikolojia niliisomea juu ya magunia ya maharagwe, nyuma ya duka la nafaka nilikokuwa nimeajiriwa mjini Nyeri, miaka ya sabini ilipokuwa ikianza. Mwalimu wangu alikuwa kitabu kisicho na jalada. Nilikinunua kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza vitabu vikuukuu karibu na msikiti, vile walivyoviacha walowezi walipofunga virago. Panya walikuwa wamekula sura ya kwanza, kwa hiyo mpaka leo sijui saikolojia inaanzia wapi. Jambo hilo halikunisumbua hata kidogo.

Nilikisoma kwa kamusi na kwa ukaidi, na baada ya miezi michache hakuna aliyepona mikononi mwangu. Mwenye nyumba wangu pale mtaa wa Skuta, aliyekuwa mkali kwa wapangaji wote, nilimgundua ana kidonda cha utotoni. Mama aliyetaka maharagwe yake yapimwe tena, nilijua hakupendwa na dada zake. Tajiri wangu aliponifokea kwa kuchelewa kazini, nilimtazama kwa huruma ya daktari, naye akafoka zaidi. Nilikuwa na majibu ya kila mtu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali.

Sura niliyoipenda kuliko zote ilihusu kuaminiwa. Ilisema ukitaka mtu akukubali, kaa anavyokaa. Akiegemea, egemea. Akishika kidevu, shika chako. Bila yeye kujitambua, moyo wake utakuona wewe ni mtu wa kwao.

Sura hiyo ilinifikia wakati nina shida nayo. Nilimpenda msichana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Kangema kwenye mashamba ya majani chai. Yeye na mimi tulikuwa tumekwisha kuelewana. Aliyebaki ni baba yake, mzee aliyesifika kwa kumrudisha mposaji mmoja kabla hajapewa hata kiti. Niliogopa sana. Wazo la kurudi Skuta nikiwa nimekataliwa lilininyima hamu ya chakula.

Kwetu, siku ya posa kijana hasemi. Wazee wake ndio husema, tena kwa mafumbo, na yeye hukaa kama mzigo ulioletwa, macho chini. Mimi niliona huko ni kupoteza mtaalamu bure. Tulipokaribishwa ndani nilijisukuma hadi kiti kinachomkabili baba yake, na baba yangu mkubwa, aliyekuwa msemaji wetu, alipoanza kueleza kwamba tumekuja kuulizia mtamba aliyeonekana akila majani upande huu, mimi nikaanza kazi.

Mzee aliweka kidevu juu ya fimbo yake. Mimi sikuwa na fimbo, nikanyakua mwavuli wa baba mkubwa, nikaweka kidevu. Alikuna goti, nikakuna. Alinusa ugoro, nikavuta hewa kwa vidole viwili. Akapiga chafya. Kitabu hakikuwa kimesema lolote kuhusu chafya, lakini nilijitahidi.

Mzee akakifunga kikopo chake cha ugoro.

"Hii kijana yenu," mzee akamwambia baba mkubwa, "iko na ugonjwa, ama ati ananicheka?"

"Mzee wangu, kwetu hakuna ugonjwa kama hiyo," baba mkubwa akajibu, akininyang'anya mwavuli.

"Basi ananicheka." Mzee akakisukuma kando kibuyu cha pombe ya asali tulichomletea. Kibuyu kile kisiponywewa, hakuna ndoa. Nilitamani sakafu inimeze. Nilimtafuta yule mtaalamu aliyekuwa ndani yangu, sikumwona.

Ndipo msichana akaitwa, maana yeye ndiye huulizwa mbele ya watu kama kibuyu kinywewe au kirudi kilikotoka. Sura ile nilikuwa nimemsimulia mara nyingi; alinitazama, akajua.

"Baba, hakucheki," alisema. "Ni kitabu amesoma. Ati ukitaka mtu akupende, unafanya vile anafanya."

"Na yeye anataka nimpende?"

"Anataka sana, baba. Hata ameacha kula."

Mzee alinigeukia. Polepole, bila kuniondolea macho, aliinua mkono akashika sikio lake, akangoja. Vidole vyangu vilinichezacheza. Nikavikalia.

"Amepona," mzee akasema, akavuta kibuyu.

Nilioa. Kitabu nilikigawa, sikumbuki kwa nani. Lakini mzee hakuisahau saikolojia. Kila nilipokwenda Kangema, katikati ya mazungumzo mazito na mbele za wageni, alikunja mguu mmoja juu ya mwingine na kunitazama, mpaka nami nikunje wangu, ndipo aendelee kusema. Mke wangu alituita wajinga wawili.

Miaka mingi baadaye kiharusi kilimwangusha, ulimi ukakataa kabisa. Nilikwenda kumwona hospitalini. Nilikaa kando ya kitanda nisijue la kumwambia, kwa sababu nilikuwa nampenda na sikuwa nimewahi kumtamkia. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauinua ule mkono mmoja uliokuwa bado unamtii, akashika sikio, akangoja.

Nikashika langu. Akaweka kiganja shavuni, nikaweka changu. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi akaja na dawa, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaniuliza kama huyu ni baba yangu mzazi.

Nikamwambia ndiyo.