Meno Mapya Yamenitenga na Mume Wangu

Admin, naomba usiweke jina langu, kwa sababu huku kwetu karibu na Kapsoit tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, na mzee wangu ana sitini na sita. Tulikutana tukichuma majani chai kwenye shamba kubwa la kampuni, sote tumetoka upande wa ziwa. Sisi ni wale wa mwisho mwisho kutolewa meno sita ya chini utotoni, kama desturi ya kwetu ilivyotaka. Siku ya kwanza aliponisalimia alicheka, nikaona pengo kama langu, na vile nilikuwa mgeni huku nilihisi nimempata mtu wa nyumbani. Tulioana, tukazaa watoto wanne, na baadaye tukanunua kipande cha ardhi tukapanda chai yetu.

Kuna mwaka, ni zamani sasa, siasa iliharibika na watu waliotoka kwingine wakaambiwa wahame. Jirani yetu, nyanya wa hapa ambaye sote tulimwita Kogo, alitutoa kwa pikapu ya maziwa. Nilikaa mbele katikati yake na dereva, nimempakata binti yetu mdogo ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka; wakubwa wake watatu tulikuwa tumeshawatanguliza kwa ndugu zetu upande wa ziwa. Mzee wangu alikuwa nyuma na mikebe ya maziwa. Kabla hatujafika Sosiot tulikuta vijana wameweka mawe barabarani. Walikuwa wanaambia kila mtu afungue mdomo. Mwenye pengo la meno sita hawakuwa na haja ya kumuuliza jina.

Kogo alinifunga leso shavuni haraka haraka, akawaambia kwa Kikipsigis, lugha ya huku ambayo naielewa vizuri, "Huyu ni msichana wangu. Anaumwa na jino, hawezi kufungua mdomo. Mnataka nini na mgonjwa?" Walimheshimu, wakaenda nyuma. Nikasikia mzee wangu akiambiwa ashuke. Kijana mmoja akarudi kwa dirisha na kuniuliza, "Huyu mtu unamjua?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Mume wangu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu. Tukaruhusiwa kwenda, na gari likaenda.

Walimpiga mpaka sikio lake la kushoto likaziba kabisa. Askari ndio walimwokota wakampeleka hospitali. Baada ya wiki mbili alitupata tukilala kanisani na wakimbizi wengine. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaniuliza kama tumekula. Hakuwahi kutaja siku hiyo. Mimi nikajiambia labda hakuniona, labda damu ilikuwa imemjaa machoni. Hali ilipotulia tulirudi kwa shamba letu. Kogo alipofariki tulimlilia kama mzazi wetu, na siri ile nikabaki nayo peke yangu.

Mwaka jana maneno ya siasa yalipoanza tena kwa redio, hofu ilinirudia. Kila nikienda sokoni nilikuwa naziba mdomo na leso. Binti yetu, yule niliyekuwa nimempakata, sasa ni nesi ng'ambo, na kwa muda mrefu alikuwa akinihimiza niwekewe meno ya kupandikizwa, yeye atalipa. Nikakubali. Mzee nilimwambia naenda mjini kutibiwa ufizi. Daktari alinionyesha picha ya taya, akasema mfupa umekonda kwa kukaa miaka mingi bila meno, lakini unatosha. Aliutoboa akaingiza vyuma vinne vidogo kama skrubu. Nilingoja miezi minne nikila uji na viazi vya kuponda, ndipo akafunga meno sita juu yake. Aliponipa kioo nililia. Haikuwa mambo ya urembo. Niliona mama ambaye hakuna kijana atamshusha kwa gari.

Nilipofika nyumbani mzee alikuwa akikatakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Nilimsalimia. Akaweka panga chini, akaangalia mdomo wangu kwa muda.

"Hayo ni ya kutoa?" akauliza.

"Hapana. Yameshikana na mfupa."

"Kumbe ni hivyo," akasema. "Basi wakikuja, nitashuka peke yangu tena."

Akaokota panga akaendelea na kazi yake. Hapo ndipo nilijua kwamba siku ile aliniona.

Tangu hapo hatujagombana hata mara moja, na afadhali tungegombana. Nikimpa chakula anasema asante kama mgeni. Ameezeka upya nyumba ya kwao kule ziwani na anasema shule zikifungwa anahama. Nilimuuliza, "Na mimi?" Akanijibu bila hasira, "Wewe baki. Wewe sasa hapa unaweza."

Nilirudi kwa daktari nikamwomba ayatoe. Alifikiri yananiuma. Akaniambia, "Mama, meno ya juu naweza kufungua, lakini vile vyuma kuvitoa ni kukata mfupa wa taya. Na kwa nini uharibu kitu kizuri?" Binti yangu naye ananiambia kwa simu, "Baba ni mzee tu, atazoea." Yeye hajui chochote, na siwezi kumwambia alichonunua kwa jasho lake.

Nimejaribu mara tatu kumwambia mzee ukweli wote. Natoka jikoni nikiwa na maneno tayari, nakaa upande wa sikio lake zima, halafu najisikia nikimuuliza kama ataongeza chai. Anasema imetosha.

Zimebaki wiki mbili shule zifungwe, na nguo zake ziko kwa sanduku. Ninyi mnaosoma, hasa mlioishi kwa ndoa miaka mingi, mtu kama mimi anaanza na neno gani? Nimfuate hata kama hajaniita, ama nimwache akapumzike mbali na uso wangu? Hata mkinitukana nitasoma, lakini naomba hata mmoja wenu aniambie la kufanya, kwa sababu mimi sijui.