Chapa Pajani mwa Fahali

Nilimchukia kwa sababu ng'ombe wake walinona.

Tulikuwa vijana wawili tukichora kuta za maduka pale Sultan Hamud, miaka ya themanini. Mimi ndiye niliyeanza. Herufi zangu zilinyooka. Yeye aliwahi kuandika "soda mbaridi" soko zima likacheka. Lakini wenye bucha walimtaka yeye. Fahali wake aling'aa, nundu imesimama. Wangu, kila nikijaribu, alitoka mbavu nje. Ukame ulikuwa umemaliza zizi la mama, na mkono wangu haukujua ng'ombe mwingine.

"Nani atanunua nyama ya hiyo?" mwenye bucha mmoja aliniuliza, akampa mwenzangu ukuta alioniahidi mimi.

Wivu ulinichoma. Siku tatu nilipita pale nikimtafutia kosa fahali aliyechorwa na mwenzangu, nisilione. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilichukua rangi nyeusi nikamchora mbavu, mmoja baada ya mwingine. Nikayazamisha macho yake. Nilikusudia kumharibu tu, lakini nikajikuta nalia na mkono haukomi. Nilipomaliza, ukutani alisimama ng'ombe wa mwisho wa mama, yule aliyeanguka njiani akipelekwa mtoni.

Jumatatu watu walijaa, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyefanya vile. Mkono wangu, kwa mazoea, ulikuwa umemtia chapa ya ukoo wetu pajani. Kwetu Ukambani chapa ya ng'ombe huisoma hata asiyejua kusoma. Nilikuwa nimejishtaki mwenyewe.

Mwenzangu akaja na kopo lake la rangi ya kahawia. Nikangoja ngumi. Yeye akapitisha kidole kwenye mbavu.

"Hii ilikufa lini?"

"Mwaka juzi. Ilikuwa ya mwisho."

"Na kama unajua kuchora hivi, mbona unaniangalianga vibaya?"

"Zako zimenona," nikasema. Aibu ilinishika, lakini wivu ulikuwa bado haujatoka. "Mimi nitatoa wapi ya kunona?"

"Sisi hatujawahi kuwa na ng'ombe, hata moja," alisema. "Mimi nachoranga ile nilikuwa nataka."

Akachovya brashi, akaanza kufunika mbavu. Alipofika pajani, akaizunguka ile chapa polepole, akaiacha.